Nachukia mazoezi, na daktari ameniagiza niyafanye

SWALI

Ndugu washauri,

Salamu kwenu. Nina umri wa miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa, na nimejaliwa watoto wawili. Kwenye vipimo vya karibuni nimeambiwa shinikizo langu la damu limeanza kupanda. Daktari hakunipa dawa. Alisema kwanza nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu.

Hapo ndipo taabu yangu ilipo. Nachukia mazoezi. Shuleni kukimbia kulikuwa adhabu ya waliochelewa, na hadi leo nikivaa raba najisikia kama mtu anayeadhibiwa. Nimejaribu programu ya simu inayofundisha kukimbia. Dakika chache tu pumzi inakata, miundi inauma, mapaja yanachubuana, matiti yanauma, na nikirudi nyumbani nimenuna. Baada ya muda naacha. Kisha najilaumu, naanza upya kwa nguvu zaidi, naacha tena. Kuna na jambo ambalo sijamwambia mtu: nikikimbia au nikiruka, mkojo hunitoka kidogo.

Rafiki zangu wananiambia nivumilie, utamu utakuja. Haujaja. Dada yangu anasema ni uvivu tu. Mimi sijioni mvivu: kazi za nyumba nzima nazifanya, nikisikia muziki sikai chini, na utotoni hakuna aliyenishinda kuruka kamba. Lakini hayo si mazoezi, ni michezo.

Je, kuna watu walioumbwa wasipende mazoezi? Kazi za nyumbani zinahesabika? Na nitafikishaje miezi mitatu bila kujiburuta?

Ni mimi,
Niliyechoka Kujiburuta


JIBU

Dada yetu mpendwa,

Ifute ile programu ya kukimbia leo hii. Haikukufaa, na sababu inaonekana kwa hesabu. Mchakamchaka wa kawaida hutumia takriban mara 7 ya nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umekaa tuli. Kutembea kwa haraka hutumia kama mara 4. Mtu wa umri wako aliyekaa mezani kwa miaka, akijikamua hadi mwisho kabisa, uwezo wake wote huenda ni mara 8 au 9. Kwa hiyo kile ulichoambiwa ni mwanzo mwepesi kilikuwa karibu na kilele chako. Hata mwanariadha ukimpeleka karibu na kilele chake mwenyewe atakunja uso, ila yeye amezoea kukaa huko kwa muda mfupi na anajua kwa nini yuko huko.

Mtafiti Panteleimon Ekkekakis na wenzake wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwilini kuna kizingiti ambacho ukikivuka pumzi huanza kwenda mbio ghafla. Chini yake watu hutofautiana, na wengi hujisikia vizuri. Juu yake karibu kila mtu huanza kujisikia vibaya, na kadiri anavyozidi kupanda ndivyo karaha inavyoongezeka. Huko juu misuli inazalisha asidi na hewa chafu ya kaboni dayoksaidi kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuimudu kwa muda mrefu. Taarifa hizo zinafika kwenye ubongo kutoka misulini, mapafuni na moyoni, na ubongo unazipokea kama amri ya kusimama. Amri hiyo huwezi kuinyamazisha kwa kujipa moyo. Unaweza kupunguza mwendo tu, na hilo ndilo rafiki zako hawakukuambia.

Ushauri wao wa kuvumilia una kasoro nyingine kubwa. Mwaka 2008 watafiti walioongozwa na David Williams walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliokuwa hawafanyi mazoezi: waliojisikia vizuri wakati wenyewe wa kutembea kwa kasi ya wastani ndio walioonekana kuwa na mwendo zaidi miezi 6 na miezi 12 baadaye. Angalia neno hilo, wakati wenyewe. Kujisikia vizuri baada ya kumaliza hakutoshi, maana karibu kila mtu hujisikia vizuri baada ya kuacha kitu kinachomtesa. Kwa hiyo raha iweke kwenye mpango tangu siku ya kwanza, kama unavyoweka dakika na siku. Usiisubiri kama malipo ya mateso.

Sasa jifunze kipimo kimoja. Mwaka 1989 Charles Hardy na Jack Rejeski walitoa kipimo rahisi cha hisia wakati wa zoezi: kinaanzia −5, vibaya sana, kinapita 0, na kuishia +5, vizuri sana. Kila baada ya dakika 5 jiulize, hivi sasa niko wapi? Kaa kati ya +1 na +3. Ukiona umeshuka hadi 0, punguza mwendo palepale, usingoje ufike −2, kwa sababu karaha ikishapanda huchukua dakika kadhaa kutulia hata kama umepunguza. Kipimo cha pili kiangalie kinywa chako: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba ubeti mzima kwa raha, ongeza kidogo. Ukisema maneno matatu ukahema, umevuka kizingiti.

Dakika 5 hadi 10 za mwanzo zisikupe hukumu. Moyo na mapafu huchelewa kuifikia kasi ya miguu, na katika muda huo kila kitu huwa kizito, hata kwa waliozoea. Wengi huacha hapo hapo kwenye uzito ambao ungejiondokea wenyewe. Anza taratibu kupita unavyodhani inafaa, mpaka vidole vya mikono vipate joto, ndipo uongeze.

Mwisho wa kipindi nao una uzito wake. Mwaka 2016 Zachary Zenko, Ekkekakis na Dan Ariely waliwapa watu baiskeli ya mazoezi kwa dakika 15. Kundi moja lilianza laini likamalizia kwa ukali, na jingine lilianza na ukali likaenda likilegeza. Waliolegeza walifurahia zaidi, walikumbuka kipindi kwa raha zaidi, na walitarajia raha zaidi siku nyingine. Wewe ulikuwa ukifanya kinyume: unakimbia mpaka pumzi ikate, unasimama hapo hapo, unarudi nyumbani na kumbukumbu ya dakika mbaya kuliko zote. Kwa kuwa shinikizo lako limepanda, usianze na ukali mwili ukiwa baridi. Pasha mwili dakika 6 hadi 8, weka sehemu ngumu katikati ikielekea mwanzo, kisha dakika 5 au zaidi za mwisho ziwe nyepesi zinazokupendeza.

Hayo ya kasi tumeyakazia kwa sababu ndiyo yaliyokuharibia.

Umeandika kwamba muziki na kamba si mazoezi, ni michezo. Moyo wako hautofautishi. Kucheza muziki kwa bidii hufika ukali wa kutembea kwa haraka na kuupita, na kuruka kamba ni mojawapo ya kazi nzito kabisa ambazo mtu anaweza kuzifanya bila kutoka nyumbani. Tena una ustadi nazo tayari, na ustadi ni nusu ya raha. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameonyesha kwamba mtu hudumu katika jambo pale anapolichagua mwenyewe, anapojiona analiweza, na anapojisikia yuko pamoja na wengine. Kwenye kukimbia kwako hakukuwa na hata moja kati ya hayo matatu.

Kwa hiyo msingi wa wiki yako uwe kucheza. Chagua nyimbo 6, kila moja dakika 3 au 4, utapata dakika 20 hivi. Wa kwanza uwe wa polepole: yumbisha nyonga, zungusha mabega, hamisha uzito mguu hadi mguu. Wa pili wa wastani. Wa tatu na wa nne ndio wenye kasi kuliko zote, midundo 120 hadi 140 kwa dakika. Wa tano urudi wastani, na wa sita uwe ule unaoupenda kuliko yote, wa taratibu. Kuupima mdundo ni rahisi: hesabu mapigo ya ngoma kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Costas Karageorghis, aliyetafiti sana muziki na mazoezi, ameonyesha kwamba muziki hupunguza hisia ya kuchoka mtu akiwa kwenye kasi ndogo na ya wastani. Ukali ukizidi sana, mwili hupiga kelele kuliko muziki na msaada huo hupungua. Ukiona husikii tena wimbo bali pumzi yako, punguza.

Hitilafu za kucheza ni chache. Raba yenye soli inayoshika sakafu huzuia mguu usigeuke, na goti ndilo hubeba msokoto; inua kisigino kila unapogeuka. Ukicheza pekupeku kwenye sakafu ngumu, usiruke, telezesha. Magoti yawe yamelegea kidogo muda wote, maana goti lililonyooka kabisa hupokea kishindo chote. Ukihitaji kazi zaidi bila kuruka, inua mikono juu ya mabega na ushuke chini zaidi kwenye magoti. Pumzi itabadilika ndani ya nusu dakika.

Kamba tunaiweka wiki ya tano, na sababu ni lile jambo ambalo hujamwambia mtu. Mkojo kutoka wakati wa kuruka, kukohoa au kucheka ni jambo la kawaida kwa wanawake waliozaa, na kwa wengi hupungua au kuisha kwa mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, yaani misuli ya ndani iliyo chini ya nyonga inayoshikilia kibofu. Kulizoea kana kwamba ndiyo hali yako si lazima. Kaa au lala, kaza kama unayezuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja, ukivuta kwenda juu ndani ya mwili. Shikilia sekunde 3, na kadiri unavyopata nguvu ufikie 6 hadi 8, kisha legeza kabisa kwa muda uleule. Fanya mara 8, na urudie seti hiyo mara 3 kwa siku, kwa angalau miezi 3. Wengi hukosea kwa kubana pumzi, kukaza matako na mapaja badala ya misuli ya ndani, au kusahau kulegeza. Usifanyie zoezi hili chooni kwa kukatiza mkojo kila mara, kwani linaweza kuvuruga utokaji wake. Kabla ya kukohoa au kunyanyua kitu kizito, kaza kwanza. Kama unahisi kitu kinashuka au kizito ukeni, au hakuna nafuu baada ya miezi hiyo, mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Wiki ya tano ikifika, kamba ipimwe: ikanyage katikati kwa mguu mmoja, vuta vishikio juu, vifike kwapani. Ikiwa ndefu zaidi utaitupa kwa mabega na kuchoka bure, na ikiwa fupi itakugonga miguu. Viwiko vikae karibu na mbavu, kamba izungushwe na vifundo vya mikono. Ruka sentimita 2 au 3 tu, utue kwenye sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikigusa sakafu kidogo au visiguse. Siku za kwanza usivuke hata kamba: ikunje mkono mmoja, izungushe ubavuni, huku ukiinua visigino kwa mdundo wake. Halafu sekunde 10 za kuruka na 50 za kutembea papo hapo, mara 6, siku 2 kwa wiki zisizofuatana. Mkojo usipotoka na miundi isipouma kwa wiki nzima, ongeza hadi 20 kwa 40. Utoto wako utakudanganya hapa. Mikono itakumbuka kila kitu, lakini kano za kisigino na mifupa ya miguu haijabeba kishindo hicho kwa miaka, na inahitaji wiki nyingi kuliko pumzi inavyohitaji kuzoea.

Ndiyo sababu miundi iliuma. Misuli na tishu zilizoshikamana na mfupa huo zilipewa vishindo vingi kwa ghafla. Maumivu yaliyotandaa kwenye urefu wa mfupa hutulia ukipunguza kishindo kwa wiki chache. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayouma hata usiku au ukiruka kwa mguu mmoja, yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Hayo usiyachezee, yapeleke hospitali.

Kuhusu kazi za nyumbani: ndiyo, zinahesabika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na kazi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Sharti la mwongozo wa 2010, kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10, liliondolewa. Dakika 2 za ngazi ni dakika 2. Na ushahidi wa mwendo wa kawaida una umri mrefu: mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha madereva wa mabasi ya London na makondakta wao. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa, waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa.

Hata hivyo tukuambie tunavyoona sisi. Kupiga deki, kufua kwa mkono na kubeba ndoo zihesabu pale pumzi inapobadilika kweli, lakini usizifanye ndizo mazoezi yako yote. Kwa watu wengi ni wajibu, na tunachotafuta hapa ni mwendo ambao ni wako. Dada yako anayekuita mvivu anaweza kuanza kwa kushika fagio siku mbili kwa wiki ili wewe upate hizo dakika 20 za muziki.

Pale mezani unapofanyia kazi, simama kila baada ya nusu saa, tembea dakika 2 au 3. Usitegemee kukumbuka. Fungamanisha na kitu kinachotokea chenyewe: kila simu inayopigwa ipokee umesimama, kikombe cha maji kiwe kidogo ili kikuinue mara nyingi. Na kila unapokaa kwenye kiti, shuka kwa kuhesabu hadi 3 badala ya kujiachia. Hilo peke yake, likirudiwa kutwa, ni kazi halali ya mapaja.

Kutembea kuwe siku ambazo huchezi. Kasi ya wastani kwa watu wazima wengi ni hatua 100 hivi kwa dakika. Hesabu 25 kwa sekunde 15 umefika. Tembea na mtu unayependa kuzungumza naye, na mazungumzo yenyewe yatakulinda usivuke kizingiti. Idadi ya hatua isikutawale. Ile 10,000 inayotajwa kila mahali ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka maabara. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake wa 2019, uliowafuatilia wanawake wenye wastani wa miaka 72, ulikuta kwamba faida ya kuishi zaidi iliendelea kuongezeka hadi hatua 7,500 hivi kwa siku, kisha ikatulia. Kuna na hatari nyingine: Jordan Etkin alionyesha mwaka 2016 kwamba kupimapima jambo la kufurahisha huongeza kiasi tunachofanya huku kukipunguza raha yake, na kipimo kikiondolewa watu hulifanya kidogo zaidi. Siku za muziki, saa ya kuhesabu mapigo iache kabatini.

Misuli usiisahau, ila iwe fupi. Siku 2 kwa wiki, mwishoni mwa wimbo wa pili mwili ukiwa umeshapata joto: inuka kitini bila kushika mara 8 hadi 12, piga pushapu za ukutani mara 8 hadi 12, panda na kushuka kidaraja kimoja mara 8 kila mguu. Simama ukiwa bado na uwezo wa kurudia mara 2 au 3. Pumua nje unaposukuma au kuinuka. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla, na kwako hilo ni muhimu. Siku ya kwanza fanya duru moja tu, hata ukijisikia una nguvu za tatu. Misuli iliyoshtuliwa huanza kuuma baadaye, na maumivu hukolea kati ya saa 24 na 72, hasa kutokana na mwendo wa kushuka, pale msuli unaporefuka huku umebeba uzito. Wengi huona mapaja yanagoma chooni siku ya pili, wakadhani wameumia, wakaacha. Hupita yenyewe, na zoezi lilelile likirudiwa wiki inayofuata huuma kidogo sana.

Ya mavazi ni mepesi kuliko unavyodhani. Mapaja yapakwe mafuta ya mgando au yavalishwe kaptura ya kubana inayofika katikati ya paja. Sidiria ya mazoezi hubebwa zaidi na mkanda wake wa chini kuliko mikanda ya mabegani: mkanda ukae sawa mzunguko mzima, vidole viwili vipite chini yake na visizidi, kisha ruka papo hapo mara chache dukani kabla ya kulipa. Raba zinunuliwe jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu kubaki upana wa dole gumba.

Wiki zenyewe zipange hivi. Wiki 2 za kwanza: muziki siku 3, kutembea dakika 10 siku 2, na sakafu ya nyonga kila siku. Hiyo haifiki dakika 150 na tumekusudia isifike. Wiki ya 3 na ya 4 fikisha kutembea dakika 20 na uingize misuli. Kuanzia ya 5 ongeza siku moja ya muziki na uingize kamba, nawe utakuwa umeukaribia au kuufikia mwongozo. Siku mbovu itakuja, mtoto mgonjwa au kazi imezidi. Siku hiyo cheza wimbo mmoja, dakika 4, ufunge. Usilipe deni kesho yake kwa kuzidisha. Ulikuwa unaanza upya kwa nguvu zaidi kila ulipoacha, na ndiko miundi yako ilikoumizwa.

Kuhusu walioumbwa wasipende: watu hutofautiana kweli, na sehemu ya tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo. Yupo anayeufurahia ukali ambao wengine hawauwezi. Lakini kwa barua yako tu, mtu asiyekaa chini akisikia muziki hayumo kwenye kundi la wasiopenda kujongea. Ikiwa baada ya wiki 6 kipindi fulani bado kiko 0 au chini ya hapo, badilisha aina ya zoezi, muda wa siku au mwenzako wa kufanya naye. Jaribu kuogelea, baiskeli, mpira na watoto, bustani. Hakuna hata kimoja cha lazima.

Acha mara moja na utafute matibabu ukipata maumivu au mbano kifuani, kizunguzungu cha kukaribia kuzimia, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au pumzi isiyotulia hata baada ya kupumzika. Shinikizo likisoma 180 kwa 110 au zaidi, usifanye zoezi siku hiyo, mpigie daktari.

Kwa watu wenye shinikizo la juu, mazoezi ya kuhemesha, kama kucheza na kutembea haraka, yanayofanywa mara kwa mara huteremsha namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8, hata kama uzito haujapungua. Ili uione kweli, pima nyumbani kwa wiki moja kabla ya kurudi kwa daktari, asubuhi na jioni. Subiri angalau nusu saa baada ya mazoezi au kahawa, ukojoe kwanza, kaa dakika 5 mgongo umeegemea na nyayo zikiwa sakafuni, mkono umelazwa usawa wa moyo, usizungumze. Pima mara 2 kwa dakika moja kati yake, andika zote. Daftari hilo mpe daktari, na siku hiyohiyo umwambie la mkojo.